Bwera hadi Kinshasa: kwenda magharibi kwa kupitia mashariki

MWEYA, Kasese – Mji wa Bwera umekaa mlangoni mwa Kongo. Ukishuka Mpondwe na kuvuka daraja la mto Lhubiriha, uko Kasindi, na simu yako inaanza kukukaribisha kwenye mtandao wa nchi nyingine. Watu wa ng'ambo hii na ile ni ndugu. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo husalimiana bila mkalimani, huoana, huzikana. Kwa wengi wao, kuvuka mpaka ni kama kwenda sokoni, na mara nyingi ni kwenda sokoni kweli.

Lakini mtu huyohuyo akitaka kufika Kinshasa, mji mkuu wa nchi anayoitazama kila asubuhi akifungua dirisha, kwa kawaida havuki daraja. Anaigeuzia Kongo mgongo, anapanda basi la kwenda mashariki, anasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Kampala, anateremka Entebbe, na hapo ndipo anapanda ndege ya kumrudisha magharibi.

Ukiiuliza simu umbali wa ndege kati ya Entebbe na Kinshasa, itakujibu kilomita 1,950 hivi, na muda wa kukaa angani usiozidi sana saa tatu. Majibu hayo ni sahihi. Shida ni kwamba ni majibu ya mtu anayelala Entebbe na ambaye shughuli yake iko palepale uwanjani Kinshasa. Mwenye duka Bwera, mwanafunzi wa Kasese au mgonjwa anayefuata jamaa zake hawezi kupanga safari kwa majibu hayo.

Hesabu ya penseli

Kabla hatujafika Kinshasa, tujifunze kupima wenyewe, maana sisi wa huku tuna bahati ambayo watu wa London hawana. Mstari wa Ikweta unapita hapa hapa, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Kasese, karibu na Kikorongo, ambako watalii husimama kupiga picha. Mahali ilipo Ikweta, kila nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini mistari hiyo inakaribiana; London nyuzi moja imebaki kilomita 69 tu. Huko hesabu inahitaji jedwali. Huku inahitaji penseli.

Uwanja wa Entebbe uko kwenye longitudo 32.44. Kasese iko 30.08. Toa moja katika nyingine, unabaki na 2.36. Zidisha mara 111 na umepata kilomita 262. Huo ndio umbali wa angani, mstari ulionyooka. Mweya iko mbele kidogo, 29.90, na imeteremka kusini ya Ikweta, hivyo ni kama kilomita 284. Mpondwe ni kilomita 300 hivi.

Sasa linganisha na barabara. Kutoka Kampala hadi Kasese kwa njia ya Fort Portal ni kilomita 375 hivi, na kwa njia ya Mbarara ni zaidi ya 400. Barabara hufuata mabonde, hukwepa vinamasi, hupitia miji. Hilo halishangazi mtu.

Linaloshangaza liko upande wa pili. Kutoka Kasese hadi Beni, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 80. Kwa gari ni takriban 140: Kasese hadi Mpondwe karibu 60, kisha Kasindi hadi Beni 80. Katikati umesimama mlima Rwenzori, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, na gari halina budi kuuzunguka kwa kusini. Kwa hiyo miji hii miwili, ambayo kwenye ramani inaonekana kama imeegemeana, kwa gari imetenganishwa na karibu mara mbili ya umbali wake. Ni jambo la kukumbuka kila mtu anapokuonyesha ramani na kusema, "Si hapa tu?"

Ndege inayotua kati ya ngiri

Hapa Mweya, juu ya rasi iliyo kati ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga, kuna kiwanja kidogo cha ndege. Hakina lami. Ngiri wanakiona kama sehemu ya malisho yao, na katika viwanja vya mbugani kama hiki si ajabu rubani kupita chini mara moja kwanza ili wanyama watawanyike, kisha arudi kutua. Ndege zinazokuja ni ndogo, aina ya Cessna Caravan, za abiria kama 12, zinazokwenda kasi ya kilomita 300 na kitu kwa saa. Gawanya 284 kwa kasi hiyo, unapata kama dakika 55. Kampuni ya Aerolink huunganisha Entebbe na viwanja vya magharibi kama Mweya, Kasese na Kihihi, na ndege moja inaweza kutua viwanja viwili vitatu kabla ya chako. Basi ukiambiwa dakika 55, uliza kwanza utakuwa wa ngapi kushuka.

Dakika 55 dhidi ya siku nzima ya basi. Mbona basi halijafa? Jibu liko kwenye tiketi, ambayo bei yake huandikwa kwa dola na kupangwa kwa mfuko wa mtalii aliyekwisha kulipia hoteli. Jibu jingine liko kwenye mzani, kwa sababu mara nyingi abiria haruhusiwi zaidi ya kilo 15 za mzigo, tena kwenye begi laini. Mfanyabiashara wa Bwera mwenye kilo 15 za mzigo hajaanza biashara bado.

Ndivyo tunavyoishi na jambo la ajabu. Ndege za kwenda na kurudi Entebbe kwa muda wa chini ya saa moja zinapita juu ya vichwa vya watu ambao, wakitaka kwenda Entebbe, wanakata tiketi ya basi la usiku.

Miezi, siku, saa

Wazee wangesema tunalalamikia nini. Mwezi Juni 1889 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita Katwe, kwenye ziwa la chumvi, mwendo mfupi tu kutoka hapa Mweya. Wapagazi wake wengi walikuwa wametoka Zanzibar, na bila shaka Kiswahili kilisikika kwenye kingo za ziwa lile muda mrefu kabla ya gazeti hili kufikiriwa. Msafara uliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba mwaka huohuo. Kutoka Katwe hadi Bagamoyo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1,200. Walitembea na kupumzika kwa karibu miezi sita. Emin Pasha, aliyekuwa akiokolewa na msafara huo, alisalimika na njaa, homa na mapigano njia nzima, halafu usiku uleule wa kufika Bagamoyo akaanguka kutoka dirisha la ghorofani kwenye karamu ya kumkaribisha. Umbali ule ndege ya jeti leo ingeumaliza kwa muda wa chini ya saa mbili.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Ghafla Kasese ikawa imeunganishwa kwa chuma na Mombasa. Shaba ilipokoma kuchimbwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, reli ilipoteza mzigo wake mkubwa, na treni ya abiria ikafuata miaka ya 1990. Kituo cha Kasese kingalipo. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani usafiri husonga mbele tu, kutoka miguu hadi treni hadi ndege, kumbe mji unaweza kupata njia ya kasi na kuipoteza.

Saa tatu zinazogeuka 18

Turudi kwenye safari ya Kinshasa. Kwa mstari ulionyooka, Bwera hadi uwanja wa N'djili wa Kinshasa ni kilomita 1,660 hivi. Msafiri wetu, tuseme mfanyabiashara wa kahawa anayefuata malipo yake, hana ndege ya kumchukua Bwera. Hesabu yake inakwenda hivi.

Basi la Bwera hadi Kampala, saa nane likienda vizuri. Kutoka kituo cha basi hadi Entebbe, pamoja na foleni, saa mbili. Uwanjani anatakiwa awepo mapema, saa tatu kabla ya ndege. Angani, kama saa tatu. Kutoka N'djili hadi katikati ya Kinshasa si mbali, ni kilomita 25 hivi, lakini pamoja na uhamiaji, mizigo na msongamano wa magari mpe saa mbili. Jumla ni saa 18, na bado hatujamhesabia usiku wa kulala Kampala kama basi na ndege havikupatana, jambo ambalo hutokea zaidi ya kinyume chake.

Gawanya kilomita 1,660 kwa saa 18. Unapata kilomita 92 kwa saa. Ametumia ndege ya jeti, amelipa bei ya jeti, na wastani wa safari yake ni mwendo wa matatu kwenye barabara ya Mbarara dereva akiwa na haraka.

Katika saa hizo 18, ni tatu tu zilizopita hewani, yaani sehemu moja kati ya sita. Ndiyo maana nasema kwamba kwa watu wa pembezoni, kuuliza umbali wa ndege ni kuuliza sehemu ndogo kabisa ya swali. Ukitengeneza ndege yenye kasi maradufu, mtu wa Bwera ataokoa saa moja na nusu. Ukimwondolea basi la kwenda Kampala, ataokoa nane.

Na hapa tumemchukulia kwamba kapata ndege ya moja kwa moja. Uganda Airlines, iliyofufuliwa mwaka 2019, iliiweka Kinshasa kwenye ratiba yake, na ndege zake za kikanda ni CRJ900 zenye viti 76. Asipopata nafasi, anaweza kupitia Nairobi, au Addis Ababa. Kupitia Addis ni kilomita 1,215 kwenda kaskazini-mashariki, kisha kama 2,990 kurudi kusini-magharibi, jumla 4,200, zaidi ya mara mbili ya njia ya moja kwa moja. Kupitia Nairobi ni nafuu kwa umbali, lakini wasafiri wa Aprili 2024 wanakumbuka Kenya Airways iliposimamisha safari za Kinshasa baada ya wafanyakazi wake wawili kushikiliwa huko. Ndege zilirejea Mei. Waliokuwa na tiketi mkononi wiki ile walijifunza jiografia kwa uchungu.

Saa ya nani?

Kuna kitu kingine kinachowavuruga wasafiri wengi, nacho ni saa yenyewe.

Uganda, Kenya na Tanzania zinatumia saa moja. Mashariki ya Kongo iko nyuma yetu kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Ukiwa Bwera ni saa sita mchana, ukivuka daraja tu ni saa tano, na jamaa yako wa Kinshasa bado yuko saa nne asubuhi. Vijana wa Mpondwe wameizoea hali hiyo. Wakipeana ahadi husema kabisa, ya huku au ya kule.

Kwenye tiketi, tofauti hiyo inacheza michezo. Saa zote zinazoandikwa ni za mahali husika. Ndege ikiondoka Entebbe 10:00 na kukaa angani saa tatu, tiketi itaonyesha umefika 11:00. Msafiri mgeni anaona saa moja na kumwambia mwenyeji wake amngoje saa moja baada ya kuruka. Wakati wa kurudi ni kinyume: umeondoka Kinshasa 12:00, umefika Entebbe 17:00, na mtu anauliza ndege ilipotelea wapi hizo saa tano. Haikupotea. Ni zile tatu zilezile, na mbili ulizokopeshwa wakati wa kwenda.

Juu ya hayo, sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza, na ndugu zetu Waganda wanahesabu vivyo hivyo kwa Kiganda. Tiketi haijui hesabu hiyo. Imeandikwa 04:00, mtu anasoma "saa nne" na kujitayarisha taratibu kwa saa nne ya asubuhi, kumbe ndege iliondoka saa kumi alfajiri, yeye akiwa amelala. Dawa ni rahisi. Soma tarakimu za tiketi, toa sita zikiwa ni za mchana, na kama ni usiku wa manane ongeza sita. Kisha andika pembeni kwa maneno: alfajiri, asubuhi, jioni. Na uangalie tarehe, kwa sababu alfajiri ya Jumanne kwenye tiketi ni usiku ambao sisi tunauita wa Jumatatu kuamkia Jumanne.

Njia ya mkato ipo?

Kongo ilisaini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Tangu hapo Jumuiya ina upana ambao wengi wetu hatujauzoea: Mombasa hadi Kinshasa ni kama kilomita 2,680 za angani, zaidi ya London hadi Moscow. Mtangamano wa eneo kubwa kiasi hicho hauwezi kutegemea malori peke yake.

Kwenye ramani, njia fupi ya mtu wa Bwera ni kuvuka daraja na kwenda Beni, ambako kuna uwanja wa ndege wa Mavivi. Beni iko karibu na Bwera kuliko Fort Portal. Mwezi Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua hapa Mpondwe ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo, na Kasindi hadi Beni ni sehemu yake. Ikiwa ya lami na salama, kilomita 80 ni safari ya asubuhi moja. Neno zito ni hilo la pili. Waasi wa ADF wamewashambulia wasafiri kwenye barabara hiyo mara nyingi, na hakuna jedwali la umbali linaloweza kuandika hofu kwa kilomita. Goma, uwanja mkubwa zaidi wa upande huo, ulifungwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 walipouteka mji.

Wengine wanataka Kasese ijengewe uwanja wa kimataifa, na ahadi za kuuboresha uwanja wa sasa zimesikika kwa miaka mingi. Sina ugomvi nazo. Lakini ndege ya jeti inahitaji njia ya lami ya karibu kilomita mbili au zaidi; ile kubwa ya Entebbe ina mita 3,658. Na hata lami ikimwagwa kesho, nani atajaza viti 76 vya Kasese kwenda Kinshasa kila wiki? Biashara kubwa ya Bwera iko Beni na Butembo, si Kinshasa. Ndege tupu haidumu. Kilembe ilitufundisha hilo kwa treni.

Lenye faida ya haraka, kwa maoni yangu, ni dogo zaidi. Ndege ndogo zinatua Kasese tayari. Zikipangwa kufika Entebbe kabla ya ndege za Kinshasa, kwa tiketi moja, mzigo ukipokelewa Kasese na kuchukuliwa N'djili, na bei ikiwekwa kwa mkazi badala ya mtalii, hesabu ya awali inabadilika kabisa. Bwera hadi Kasese kwa gari, saa moja. Kasese hadi Entebbe pamoja na kujiandikisha, moja na nusu. Kungoja Entebbe, tatu. Angani, tatu. Kinshasa, mbili. Saa 18 zimekuwa kumi na nusu, bila kumwaga mfuko mmoja wa saruji. Kinachohitajika ni kampuni mbili kukaa meza moja na ratiba zao, na serikali kuangalia kodi na ada zinazopandishwa juu ya tiketi ya ndani. Nchi za Afrika zilizindua soko la pamoja la anga mwaka 2018, na lugha ya mikataba hiyo ni nzuri sana. Abiria wa Kasese bado anangojea aya inayomhusu.

Kwa anayesafiri kabla ya hayo: beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kinshasa hutapita bila hicho, na usikate basi la kufika Kampala siku ileile ya ndege. Ukipewa nafasi ya kuchagua kiti, chukua dirisha la kulia. Mstari ulionyooka kutoka Entebbe kwenda Kinshasa unapita karibu na Ishasha, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Edward. Kama nusu saa baada ya kuruka, ndege ikifuata mstari huo na mawingu yakiruhusu, tazama kaskazini: ziwa lote liko chini yako, rasi ya Mweya ni kidole kidogo kwenye maji, na kilomita chache mbele yake, chini ya kivuli cha Rwenzori, ni Bwera, ulikopanda basi jana.